Kupima ugonjwa wa majani: kazi inayoamua mbegu ipi imfikie mkulima

Na Mwandishi Wetu

KATIKA eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, yako mashamba ya ngano ambayo hupandwa makusudi ili yaugue. Pembeni mwa vitalu vya majaribio huoteshwa mistari ya ngano dhaifu, ambayo hupigwa sindano ya maji yaliyochanganywa na vumbi la kuvu, kisha upepo na umande huachiwa kazi iliyobaki.

Baada ya majuma kadhaa wataalamu hupita kati ya vitalu hivyo, huinama kwenye kila kimoja kwa muda mfupi, wakatazama mashina na majani, na kuandika tarakimu na herufi: 5R, 20MR, 60S.

Mwananchi anayenunua mkate dukani au chapati kwa mama ntilie hatazisikia kamwe tarakimu hizo. Hata hivyo, ndizo zinazoamua mbegu ipi iendelezwe na ipi itupwe. Ikiandikwa 20 mahali palipostahili 40, mbegu dhaifu inaweza kuvuka hadi kwa mkulima. Ikiandikwa 40 mahali palipostahili 20, kazi ya miaka kadhaa ya kuchavusha na kuchagua huishia kwenye jaa, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Wengi wetu hudhani kwamba ugumu wa kuzalisha mbegu inayostahimili magonjwa uko maabara, kwenye darubini na mashine za kusoma jeni. Ukweli ni kwamba gharama ya kusoma jeni imeshuka sana tangu mwanzo wa karne hii, na sehemu iliyobaki kuwa ngumu, ya polepole na yenye makosa mengi ni ile inayoonekana rahisi kuliko zote: kuangalia jani na kusema limeugua kiasi gani.

Kutu iliyotoka Uganda

Sababu ya Njoro kuwa shamba la wagonjwa ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi wa Kiingereza Lord Delamere alipojaribu kulima ngano katika eneo hilo, kutu iliiangamiza, na akalazimika kuajiri mtaalamu wa kumtafutia mbegu yenye kinga. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa inafaa ngano na maadui wa ngano kwa kiwango kilekile.

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, ilionekana kutu ya shina kwenye ngano iliyokuwa na jeni iitwayo Sr31. Jeni hiyo, ambayo asili yake ni mmea wa rai (rye) unaofanana na ngano, ilikuwa imesambazwa katika mbegu za nchi nyingi na kwa miaka mingi ilikuwa haijawahi kushindwa na kutu ya shina. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini kwa uchunguzi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kimelea hicho kikapewa jina la Ug99, yaani Uganda na mwaka 1999.

Kutoka hapo kilisafiri kwa upepo. Kenya kilionekana mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003, Sudan na Yemen mwaka 2006, Iran mwaka 2007, na Tanzania kikathibitishwa mwaka 2009.

Mwaka 2005 Norman Borlaug, mtafiti wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, alisimama kuionya dunia akiwa na umri wa miaka 91. Tangu mwaka huo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, iliyoitwa KARI wakati huo na ambayo sasa ni KALRO, kwa kushirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano chenye makao yake Mexico, imekuwa ikipokea maelfu ya mbegu kutoka nchi mbalimbali ili zijaribiwe dhidi ya adui huyo akiwa hai shambani. Ethiopia nayo ina kazi kama hiyo katika kituo cha Kulumsa.

Ingawa jina lake lataja shina, kutu hii hushambulia pia majani, ala zake na hata masuke. Ndugu zake wawili, kutu ya jani na kutu ya manjano, makazi yao makuu ni jani. Yote matatu ni magonjwa ya kuvu, na yote hupimwa kwa namna moja ya msingi, yaani jicho la mtu.

Kinga inayodumu ndiyo ngumu kupimika

Kinga ya mmea dhidi ya kutu iko ya namna mbili, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Ya kwanza ni ile ya jeni moja yenye nguvu. Mmea ulio nayo humtambua adui anapoingia, huua seli zake mwenyewe mahali alipoingilia, na adui hufa kwa njaa. Shambani mmea huo hubaki msafi, wakati jirani yake asiye na jeni hiyo amejaa vipele vyekundu-kahawia. Kuupima ni rahisi, kwani hata mtoto wa shule ya msingi angeweza kusema upi ni mzima na upi mgonjwa. Lakini kinga hii ina kasoro moja kubwa. Kuvu ikibadilika kidogo tu, haitambuliwi tena, na ngome yote huanguka kwa mara moja. Sr31 iliangukia Uganda. Sr24 ilishindwa nchini Kenya mwaka 2006. Aina ya ngano iitwayo Robin, iliyopendwa sana na wakulima wa Kenya na iliyotegemea jeni iitwayo SrTmp, ilipofika mwaka 2014 nayo ilikuwa imekwisha kupatiwa dawa na kimelea kipya cha ukoo uleule wa Ug99.

Ya pili ni kinga ya kiasi. Mmea ulio nayo huugua, ila huugua polepole. Vipele vyake ni vichache, ni vidogo, na huchelewa kupasuka. Kinga hii mara nyingi hutokana na jeni kadhaa, kila moja ikichangia kidogo, na zikikusanywa nne au tano katika mmea mmoja, ugonjwa huwa hafifu mno. Mfano ni Sr2, ambayo mtafiti wa Marekani Edgar McFadden aliihamisha katika miaka ya 1920 kutoka ngano ya kale iitwayo Yaroslav na kuzaa aina ya Hope. Mfano mwingine ni Lr34, ambayo imetumika kwa takriban karne moja bila kimelea chochote kuishinda kabisa.

Hapo ndipo ulipo mtego. Kinga inayovunjika ndiyo inayoonekana kwa urahisi, na kinga inayodumu ndiyo inayojificha ndani ya tofauti ya asilimia 10 au 15. Mpimaji asiyeweza kutenganisha asilimia 25 na asilimia 40 hawezi kuiona Sr2 ikifanya kazi, na akiwa na haraka ataiacha na kuchagua kitalu kilicho safi kabisa, ambacho pengine kina jeni moja tu inayosubiri kuvunjwa.

Kuna jambo jingine ambalo binafsi nililiona kama kejeli ya maumbile. Mimea yenye Lr34 hukauka ncha za majani yake ya juu hata pale ambapo hakuna ugonjwa. Mimea yenye Sr2 nayo hupata weusi kwenye makapi ya suke na sehemu za shina, weusi unaofanana na ugonjwa. Yaani jeni mbili zilizowatumikia wakulima kwa muda mrefu huufanya mmea uonekane mgonjwa. Mpimaji mgeni huhesabu ncha iliyokauka kuwa ni uharibifu wa kuvu na kuipa mbegu bora alama mbaya. Mpimaji mzoefu huiona ncha hiyo hiyo na kufurahi.

Asilimia 100 ambayo si 100

Jaribio la kwanza linalojulikana sana la kuliwekea jicho utaratibu lilifanywa mwaka 1892 huko New South Wales, Australia, na Mmarekani Nathan Cobb. Alichora majani matano ya ngano yenye kutu ya viwango vitano, ili mtu akiwa shambani alinganishe jani lililo mkononi na mchoro. Mwaka 1948 watafiti wa Kanada, Peterson na wenzake, waliurekebisha utaratibu huo, na kipimo cha Cobb kilichorekebishwa ndicho kinachotumika Njoro na sehemu nyingine nyingi duniani hadi leo.

Msomaji atashangaa kusikia kwamba katika kipimo hicho asilimia 100 haimaanishi kwamba jani lote limefunikwa. Vipele vya kutu, hata vikibanana vipi, huacha nafasi kati yao. Kwa hiyo kiwango cha juu kabisa kilichukuliwa kuwa ni pale ambapo asilimia 37 ya eneo halisi imefunikwa na vipele, na hapo ndipo penye alama ya 100. Mtu asiyejua hilo akipima kwa kompyuta na kupata asilimia 37, kisha akalinganisha na daftari la mwenzake lenye 100, atadhani mmoja wao amelewa. Kumbe wote wawili wamesema kweli.

Herufi zinazofuata tarakimu nazo zina maana. R ni mmea wenye kinga, MR ni wenye kinga ya wastani, MS ni dhaifu kwa wastani, na S ni dhaifu. Tarakimu hueleza sehemu iliyoshambuliwa, na herufi hueleza namna mmea ulivyoitikia, hususan ukubwa wa vipele na kama vimezungukwa na alama ya seli zilizokufa. Ili kupata namba moja, watafiti huzidisha tarakimu kwa 0.2 ikiwa ni R, 0.4 ikiwa ni MR, 0.8 ikiwa ni MS na 1 ikiwa ni S. Hivyo 40MR huwa 16, na 40S hubaki 40. Mpimaji akikosea herufi tu, bila kukosea tarakimu, mbegu moja inaweza kupanda au kushuka kwa zaidi ya mara mbili.

Jicho linavyodanganywa

Mwaka 1945 Wamarekani James Horsfall na R. W. Barratt walipendekeza kipimo cha madaraja 12, ambacho baadaye kilienea katika mazao mengi. Hoja yao ilikuwa kwamba jicho la binadamu halioni asilimia kwa mfuatano ulionyooka. Walidai kwamba jani likiwa limeugua chini ya nusu, jicho huona sehemu iliyougua, na likiugua zaidi ya nusu, jicho huona sehemu iliyobaki nzima. Kwa hiyo madaraja yao ni membamba kwenye ncha zote mbili na mapana katikati. Daraja moja huanzia asilimia 3 hadi 6, lakini jingine huanzia 25 hadi 50.

Kwa miongo kadhaa madaraja hayo yalifundishwa vyuoni karibu kama sheria. Baadaye watafiti walipoamua kuyajaribu kwa vipimo, hasa tangu miaka ya 2000, waligundua kwamba watu wanaokadiria asilimia moja kwa moja hufanya vizuri kama wanaotumia madaraja, au vizuri zaidi. Ubaya wa madaraja hauhitaji hesabu nyingi kuuona. Mbegu yenye ugonjwa wa asilimia 28 na yenye asilimia 47 zote huingia katika daraja moja, na kwenye takwimu zote huhesabiwa 37.5. Hapo katikati ndipo kinga ya kiasi inapojitofautisha na udhaifu, na ndipo kipimo hiki kilipofumba macho.

Hata hivyo, kuachana na madaraja hakuliponyi jicho. Chukua jani lenye madoa 100, kila doa likiwa na kipenyo cha milimita 2, na jingine lenye madoa manne tu, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 10. Eneo lililoharibika ni sawa kabisa katika majani yote mawili, takriban milimita za mraba 314. Lakini waoneshe watu kumi, na wengi watasema lile la madoa 100 ndilo linaloumwa zaidi. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliochunguza madoa ya majani kwenye nyasi za malisho walithibitisha jambo hili: watu huzidisha makadirio, na huzidisha zaidi pale ugonjwa ulipo mdogo na madoa yalipo madogo na mengi.

Kwa mzalishaji wa mbegu kosa hilo si la kupuuzwa, kwa sababu udogo wa madoa ni mojawapo ya dalili za kinga ya kiasi. Jicho huiadhibu mbegu kwa sifa yake njema.

Dawa iliyothibitika kusaidia ni ya bei nafuu, nayo ni michoro. Mwaka 1971 Clive James alichapisha nchini Kanada kitabu cha michoro ya majani ya mazao mbalimbali, kila mchoro ukiwa na asilimia yake halisi iliyopimwa. Michoro ya namna hiyo imeendelea kutengenezwa kwa ugonjwa baada ya ugonjwa, na tafiti nyingi zimeonesha kwamba wapimaji wapya wanaoipata mkononi hupunguza makosa yao kwa kiasi kikubwa, wakati wazoefu hufaidika kidogo tu. Tangu miaka ya 1980 zimekuwepo pia programu za kompyuta zinazomwonesha mpimaji jani la kubuni, kumtaka akadirie, kisha kumwambia jibu sahihi papo hapo. Lakini mafunzo hayo huchakaa. Asiyerudia kabla ya msimu hurejea kwenye tabia zake za awali.

Mizani ya sokoni

Wataalamu wa fani hii hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Usahihi ni kukaribia ukweli. Uthabiti ni kutoa jibu lile lile kila unapopima kitu kile kile.

Anayenunua nyama kwenye bucha yenye mizani inayoongeza gramu 100 anaibiwa, lakini bado anaweza kujua kipande kipi ni kizito kuliko kingine. Akinunua kipande kimoja bucha hii na kingine bucha ya pili yenye mizani tofauti, hajui tena lolote. Mzalishaji wa mbegu yuko katika hali hiyo hiyo. Anachokitaka kwanza ni mpangilio: mbegu ipi imeishinda ipi. Mpimaji anayezidisha kwa asilimia 10 siku zote hamharibii mpangilio huo. Anayemharibia ni yule anayezidisha asubuhi na kupunguza jioni akishachoka, au wapimaji wawili waliogawana shamba katikati, kila mmoja na mizani yake kichwani.

Kwa sababu hiyo, katika majaribio yaliyopangwa vizuri, kila mbegu hupandwa mara mbili au tatu katika sehemu tofauti za shamba, na mpimaji mmoja hupewa sehemu nzima yenye mbegu zote. Tofauti kati ya mpimaji na mpimaji hapo huangukia kwenye sehemu za shamba, si kwenye mbegu, na hesabu huweza kuiondoa. Ni jambo dogo la kupanga ratiba ambalo halihitaji hata shilingi moja, na hupuuzwa mara nyingi.

Hata namna ya kupima ubora wa wapimaji ilichukua muda kurekebishwa. Zamani ilitosha kuonesha kwamba makadirio hupanda pale ukweli unapopanda. Lakini mtu anayesema 20 mahali pa 10, na 80 mahali pa 40, hufaulu mtihani huo kwa alama zote ingawa amekosea mara mbili katika kila jibu. Mwaka 1989 mtakwimu Lawrence Lin alichapisha kipimo kinachomkata mtu alama kwa kukosa uthabiti na kwa kukosa usahihi pia, na siku hizi ndicho kinachotegemewa na wengi katika kazi hii.

Siku moja haitoshi

Makosa mengine hayatokani na jicho bali na kalenda. Tuchukue mfano wa hesabu. Mbegu ya kwanza siku ya kwanza ya kupimwa ina ugonjwa wa asilimia 10, baada ya siku 10 ina 50, na baada ya siku 20 ina 60. Mbegu ya pili ina 0, kisha 5, kisha 60. Aliyefika shambani siku ya mwisho tu ataandika 60 kwa zote mbili na kwenda zake.

Lakini mbegu ya pili iliishi takriban nusu ya muda huo ikiwa na majani mazima, ikijaza punje. Watafiti hukokotoa eneo lililo chini ya mchoro wa kuenea kwa ugonjwa. Unachukua wastani wa vipimo viwili vinavyofuatana, unazidisha kwa idadi ya siku kati yake, kisha unajumlisha. Mbegu ya kwanza hupata 850, na ya pili 350. Wazo la kuutazama ugonjwa kama mwendo badala ya picha moja linatokana kwa kiasi kikubwa na kitabu cha mwaka 1963 cha mtafiti wa Afrika Kusini, J. E. Van der Plank, na mwaka 1977 Shaner na Finney wa Marekani walilitumia kwa ngano inayougua polepole.

Van der Plank alionya pia kuhusu jambo lililo gumu kuliona. Vitalu vya majaribio ni vidogo, na jirani wa mbegu yenye kinga ya kiasi anaweza kuwa mbegu dhaifu inayomwaga mamilioni ya chembe za kuvu kila siku. Mbegu nzuri hunyeshewa vumbi ambalo katika shamba la mkulima, lililopandwa aina moja tu, lisingekuwepo. Alama yake huwa mbaya kuliko inavyostahili. Jeni moja yenye nguvu haiathiriki na mvua hiyo, kwa hiyo upendeleo kwa mara nyingine huiendea kinga ya muda mfupi.

Kuna pia suala la urefu na ukomavu. Ugonjwa wa madoa ya majani ya ngano uitwao Septoria, ambao ni tishio kubwa Ulaya, hupanda kutoka majani ya chini kwenda ya juu kwa kurushwa na matone ya mvua. Ngano ndefu huukwepa kwa urefu wake tu, na mpimaji anaweza kudhani amepata kinga kumbe amepata mmea mrefu. Vivyo hivyo, mbegu inayokomaa mapema majani yake hukauka kwa uzee, na inayochelewa hukutwa ingali changa. Kupima zote tarehe moja ni kama kulinganisha afya ya babu na mjukuu.

Kamera nayo ina macho yake

Kwa mtazamo wa haraka, kompyuta ingepaswa kuwa imemaliza mjadala huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 programu za kuchambua picha za majani zilikwisha kuanza kuuzwa, na katika muongo uliofuata zikaja za simu, ambazo mtumiaji huonesha kwa kidole rangi ya sehemu nzima, na programu ikahesabu zilizobaki kuwa ugonjwa.

Mahali ambapo njia hii imeonesha thamani yake ni Uswisi. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH, Zurich, walikusanya majani ya aina 335 za ngano ya Ulaya yaliyoambukizwa Septoria shambani, wakayapitisha maelfu kwa maelfu kwenye skana ya kawaida ya ofisini, na kuiacha kompyuta ipime eneo la madoa na kuhesabu vidonge vyeusi ambamo kuvu hiyo huzalia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja daima. Zipo aina ambazo majani yake huharibika lakini kuvu huzaa kidogo, na zipo ambazo uharibifu ni mdogo ila uzazi ni mwingi. Aina hii ya pili humfurahisha mwenye shamba msimu huu, huku ikiandaa ugonjwa wa msimu ujao na wa majirani zake. Hakuna mtu ambaye angeweza kuhesabu vidonge hivyo kwa macho shambani.

Lakini skana ilifanya kazi vizuri kwa sababu jani lililazwa bapa, chini ya mwanga usiobadilika. Shambani mambo ni mengine. Mng'ao wa jua la saa sita huonekana kama doa, kivuli huonekana kama uozo, na njano ya upungufu wa naitrojeni huhesabiwa pamoja na njano ya kutu. Ncha iliyokauka ya Lr34, ambayo mzoefu huifurahia, kamera huiona kuwa ni jani lililokufa.

Programu zinazojifunza zenyewe nazo zimepata somo lao. Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa PlantVillage walitangaza kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14 iliweza kutambua zao na ugonjwa kwa usahihi wa asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, ilianguka hadi asilimia 31 na ushei. Watafiti wenyewe walilieleza hilo waziwazi katika ripoti yao, ingawa namba ya kwanza ndiyo iliyosafiri zaidi. Tangu wakati huo kazi kubwa imekuwa kukusanya picha za mashambani, zenye vumbi, matope na vivuli vyake. Na picha hizo, ili kompyuta ijifunze kutoka kwazo, lazima kwanza mtu mwenye jicho zuri aseme kila jani limeugua kiasi gani.

Huko Njoro kazi hiyo hufanyika misimu miwili kila mwaka. Mbegu zilizofaulu hupelekwa Mexico kuchavushwa na kuchaguliwa upya, na vizazi vyake hurudishwa Kenya kupandwa tena kando ya mistari ya ngano dhaifu. Miongoni mwa ngano zilizokuja kutumika kama mfano wa udhaifu wa kulinganishia baada ya mwaka 2014 ni Robin, ile ile ambayo miaka michache kabla yake iliandikiwa alama nzuri, na kwa haki kabisa, katika mashamba hayo hayo.